Kicheko Kilichobaki Nje ya Karatasi

Matogoro, Songea
9 Julai 2024

Kwa Mwalimu Eric,

Assalaam alaykum, au kama mlivyozoea ninyi, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni yule mzee wa kofia, fundi cherehani, uliyemchora pua kwenye tamasha letu la sanaa.

Fausta mwandaaji amenipa namba yako ya simu pamoja na jina la shule unayofundisha huko Tunduru. Namba nimeiacha. Simu na mimi hatupatani, mtu akiongea humo nasikia kama kuku ndani ya gunia. Uso kwa uso nasikia vizuri, hata yale nisiyotakiwa kusikia. Kwa hiyo nitakuandikia, na barua nitampa mpwa wangu Ibra, kondakta wa basi la asubuhi. Ukitaka kujibu mpe yeye.

Nianze na lawama ili ziishe. Pua yangu siyo ile. Mimi ni Myao wa hapo hapo Tunduru unapokula mshahara, na ukoo wetu hauna pua ya namna ile. Pili, rafiki yangu Kajetani umemchora mrefu. Kajetani ni mfupi! Tangu bango lako la mkutano litundikwe ukumbini, anakwenda kila asubuhi na fimbo yake, anasimama chini yake na kuwaambia watu, "Mwalimu amesoma, anajua kuona." Nimechoka naye.

Mambo mengine umeyaweza. Sikujua kama mtu anaweza kukaa pembeni na makapeni zake, zile kalamu nene za rangi, watu wakaongea kwa saa tatu kuhusu nani alihamia Matogoro na alifikaje, halafu jioni mazungumzo yote yakawa ukutani, hata asiyejua kusoma akayafuata kwa kidole. Wajukuu zangu waliohudhuria warsha yako sasa wanachora kila neno ninalosema nyumbani. Nikiomba maji wananichorea ndoo.

Swali moja tu. Kajetani aliposema yale yake, mimi nilimjibu, tena nilimjibu sawasawa, watu wakashika mbavu. Mbona jibu langu silioni ukutani?

Wako,
Abdulatifu Bakili, fundi


Tunduru
21 Julai 2024

Mzee wangu Abdulatifu,

Shikamoo. Ibra aliileta barua yako hadi darasani, kidato cha pili wakanicheka, maana hawajawahi kuona mwalimu akipokea bahasha isiyo ya mitihani. Nimeisoma mara mbili. Pua naiombea radhi.

Umeuliza kuhusu jibu lako. Mzee wangu, kazi hii ya kuchora mkutano ina ugumu wake. Watu wanaongea kwa kasi kuliko mkono. Mchoraji anasikiliza, anaandika vidokezo kwenye daftari dogo, kisha anachagua lile lenye uzito na kulipeleka kwenye karatasi kubwa. Ukiweka yote karatasi inakuwa jalala. Maneno ya Mzee Kajetani yalikuwa na picha ndani yake, ndiyo maana nilimchora ameishika nyumba kiganjani, na wewe pembeni na kandambili ya mguu mmoja. Jibu lako lilikosa nafasi. Ni hilo tu.

Kwa kweli lile bango ndilo bora kuliko yote niliyowahi kuchora. Wageni waliofadhili tamasha waliomba picha yake, na mmoja alisema hajaona mji ukijieleza kwa utulivu namna ile. Nilifurahi. Mimi ni mtu wa Muleba, miaka miwili tu huku kusini, na siku ile nilijiona mwenyeji.

Msalimie Mzee Kajetani. Mwambie urefu ule ni wake, asirudishe.

Mwanao,
Eric Rwegasira


Matogoro
30 Agosti 2024

Mwalimu Eric,

Kajetani amefariki. Jumamosi alikuwa kibarazani kwangu, akanywa chai yangu, akaisema vibaya. Jumatatu alfajiri mkewe Suzana akamkuta hajaamka. Tumezika Jumatano. Mwanawe Gaudence amekuja kutoka Dodoma na gari, hajakaa hapa miaka ishirini.

Watu walikuwa wengi, mapadri wawili, kwaya nzuri.

Mimi sikuingia kaburini, Mwalimu. Najua hujui maana yake, na leo sina nguvu ya kukueleza. Nilisimama mstarini kama watu wengine, kofia mkononi, nikatupa udongo na kuondoka. Wazee wa Kingoni wananitazama kwa jicho baya. Suzana hakunitazama kabisa.

Nina swali, unijibu kwa ukweli. Siku ile ulipokuwa unachora, ulisikia watu wakicheka?

Abdulatifu


Tunduru
9 Septemba 2024

Mzee wangu,

Pole sana. Pole mno. Nilikaa na barua yako mkononi hadi kengele ikapita. Nilimwona Mzee Kajetani siku mbili tu, na bado imeniuma.

Hayo ya kutoingia kaburini nimeyashangaa kidogo. Nani anaingia kaburini? Labda umri na majonzi, Mzee wangu. Umefanya vyema kusimama na wenzako kwa heshima.

Kuna jambo litakalokufariji. Gaudence alinipigia simu wiki iliyopita. Ni mtu mstaarabu sana. Alisema aliona bango langu ukumbini, akaomba nakala safi ya kile kipande cha baba yake kama kumbukumbu ya familia. Nilikesha siku mbili nikikirudia kwa rangi. Alisema niandike tarehe, jina langu na sahihi, na kwamba maneno hayo niliyasikia mwenyewe, ili wajukuu wajue ni kweli. Nimemtumia kwa basi, bure. Sikuona vizuri kumdai mfiwa.

Kuhusu watu kucheka, sikumbuki vizuri. Ukumbi ulikuwa na kelele.

Mwanao,
Eric


Matogoro
20 Septemba 2024

Eric,

Leo sikuiti Mwalimu.

Ulichomtumia Gaudence kipo kwenye faili, na faili lipo ofisi ya mtaa. Anasema nyumba ninayokaa ni ya baba yake, na ushahidi ni wewe. "NYUMBA ANAYOLALA NI YANGU," kwa herufi kubwa, na baba yake mrefu ameishika mkononi, na chini tarehe na sahihi ya mwalimu wa serikali. Anataka eneo lote liwe fremu za maduka. Amenipa hadi mwisho wa mwaka. Mimi nina miaka sabini na moja, mke wangu Mwanahawa anaumwa magoti, na cherehani yangu imefungwa sakafuni kwa boliti.

Sasa nikusomeshe, maana waliokusomesha waliruka ukurasa.

Wangoni na Wayao ni watani. Babu zao walikuja kutupiga, babu zetu wakakimbia, baadaye wakarudi, wakaoana, wakazikana. Tangu hapo tunatukanana, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mngoni akiniita mwizi mbele ya watu ananiambia kwamba mimi ni wa kwake. Kajetani amenitukana kila siku ya Mungu tangu mwaka themanini na saba. Aliposema pale ukumbini, "Huyu Myao nilimwokota stendi na kandambili ya mguu mmoja, nyumba anayolala ni yangu, siku nikifa mfungeni kamba mumrudishe kwao," alikuwa ananipenda. Ukumbi mzima ulijua. Paka wa Fausta alijua! Wewe peke yako ulikuwa unaandika.

Na mtani akifa, mwenzake anaingia kaburini kabla ya jeneza. Analala humo, anagoma kutoka, anamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke, wampe kuku ndipo atoke. Hiyo ndiyo heshima yake. Kajetani nilimwahidi. Lakini asubuhi ya mazishi Gaudence aliniita pembeni ya majiko ya wapishi, akanionyesha bango lako kwenye simu, akasema, "Mzee, haya tutayaongea tukimaliza kuzika." Eric, ningeingiaje kaburini baada ya hapo? Ningemwita baba yake mwizi wa ng'ombe, na mtoto angeandika hilo nalo? Nilinyamaza. Nimemzika rafiki yangu kama mtu niliyekutana naye hospitali.

Gaudence utani anaujua. Amezaliwa Matogoro, siyo mgeni kama wewe. Anajua na anajifanya hajui, kwa sababu sasa ana karatasi.

Na lingine nitakuambia, kwa kuwa nimeshaanza. Kiwanja alinipa kweli. Nilishuka stendi bila kitu, kandambili nilikuwa nazo zote mbili, basi. Akanikatia kona ya shamba lake, akasema jenga. Nyumba nimeijenga kwa mikono yangu na sindano yangu, kila tofali. Karatasi hatukuandikishana. Kila nilipotaka tuandikishane alinitukana hadi nikaacha. Unaona jinsi ulivyonifunga? Siwezi kusimama mbele ya watu na kusema maneno yale ni uongo mtupu.

Abdulatifu Bakili


Tunduru
29 Septemba 2024

Mzee Abdulatifu,

Shikamoo.

Nimeumia kusikia haya, lakini naomba unielewe na mimi. Niliandika kilichosemwa. Sikuongeza neno. Mchoraji wa mkutano hapaswi kuingia kwenye nia za watu, kazi yake ni kusikia na kuonyesha. Kwetu Muleba mtu mzima akitukanwa hadharani mkutano unafungwa. Ningejuaje?

Na kama kiwanja kilikuwa cha Mzee Kajetani kweli, kama unavyosema mwenyewe, basi mchoro wangu haukusema uongo.

Naamini mwenyekiti wa mtaa atatumia busara. Nakuombea.

Eric


Tunduru
3 Novemba 2024

Mzee wangu Abdulatifu,

Shikamoo. Hujajibu wiki tano. Ibra ananipita kituoni kama hanijui, na jana alinirudishia nauli yangu mkononi, akapanga nipande gari la mwenzake.

Nitakuandikia jambo ambalo sikutaka kuliandika.

Niliposema sikumbuki kicheko, niliongopa. Lile daftari dogo la vidokezo ninalo. Nililitoa juzi kwenye begi. Siku ile nimeandika neno "kicheko" kwenye mabano mara tatu katika ukurasa mmoja, mara ya tatu nimelipigia mstari. Na jibu lako lipo lote, neno kwa neno. Nilikuwa na nafasi, Mzee wangu. Kulikuwa na kona nzima tupu upande wa kulia wa bango, nikaijaza miti ya mlima wenu.

Sababu ni hii. Wageni wafadhili walikaa mstari wa mbele. Nilifikiri, hawa wakiona wazee wanaitana wezi na kunyang'anyana wake, watasema watu wa Songea ni wa namna gani, na huyu mchoraji ni wa namna gani. Nilitaka kazi yangu ionekane ya heshima. Nikachukua maneno ya Mzee Kajetani kwa sababu yalichoreka, nikayanyoa kicheko, nikayavalisha herufi kubwa. Jibu lako halikunyoleka, nikaliacha. Yule mgeni aliposema bango lina utulivu, nilijisikia mtu. Utulivu ule niliutengeneza mimi.

Na Gaudence aliponiomba sahihi nilijisikia mtu zaidi. Hakuna aliyewahi kuniomba sahihi kwenye mchoro. Sikujiuliza mfiwa anaihitaji ya nini.

Nimeona aibu. Usiku na mchana naona aibu. Niambie siku ya kikao nami nitakuja.

Eric


Matogoro
15 Novemba 2024

Mwalimu Eric,

Kikao ni Jumamosi tarehe 14 Desemba, saa nne, ofisi ya mtaa. Mwenyekiti ni Pankrasi, Mngoni, mtu mwenye masikio.

Usije na mchoro mpya. Nimeshiba michoro. Njoo na daftari, usome kilichomo kama kilivyo. Usilipambe.

Ukiulizwa kuhusu kiwanja, usinitetee. Hilo ni langu.

Mwanahawa anasema ulale kwetu Ijumaa. Mimi sijasema kitu.

Abdulatifu


Tunduru
17 Desemba 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Nilisema naondoka kuwahi basi, lakini basi lilikuwepo hadi saa nane. Nilishindwa kukaa.

Nilisoma maneno ya marehemu, nikasema "kicheko", kama ulivyoagiza. Gaudence akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha nikasoma lako: "Uongo! Mngoni huyu nilimnunua mimi kwa debe la mabibo, na nilipunjwa. Hata huyo Suzana nilimwazima tu, siku yoyote namrudisha kwangu. Na Gaudence wake ni wangu, kaptura yake ya kwanza ya shule nilishona mimi, na hadi leo hajanishukuru." Nikafunga daftari.

Nilisikia Mwenyekiti Pankrasi akiuliza, "Bwana Gaudence, kama la baba yako ni hati, hili nalo tulifanyeje? Tukuandike mtoto wa fundi?" Kikaja kicheko kikubwa, viti vikaburuzwa. Nami nikaona uso wa Gaudence. Hakucheka. Alikuwa mwekundu wa macho, nikatoka nje.

Tafadhali niandikie kilichofuata. Mwanahawa alinifungia mihogo, nimeikuta ndani ya begi. Mwambie asante.

Nimeacha kuchora mikutano. Nimempa Fausta makapeni zangu zote.

Mwanao, kama bado unanikubali,
Eric


Matogoro
28 Desemba 2024

Mwalimu Eric,

Hukungoja, kwa hiyo ulikosa.

Kicheko kilipokwisha Pankrasi alitaka kufunga kikao. Ningenyamaza, Mwalimu, ningetoka na nyumba yangu pale pale, mbio. Lakini nilimtazama Suzana kwenye kitambaa chake cheusi, nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimemzika Kajetani mara mbili. Nikasimama. Nikasema, "Maneno ya nyumba yalikuwa utani. Kiwanja siyo utani. Kiwanja alinipa, sikukinunua, na karatasi sina."

Mwanahawa wangu alishika kichwa. Gaudence akaruka, akasema, "Mmesikia! Mmesikia wenyewe!" Watu wakaguna. Pankrasi akavua miwani na kuifuta, akaniambia, "Mzee, nani alikuomba?" Niliona kabisa ninavyofungasha vyombo.

Suzana ndiye aliyesimama. Hajaongea mbele ya watu tangu msiba. Akasema, "Nilikuwepo. Nilishika kamba upande mmoja, marehemu upande mwingine, tukampimia huyu kona. Mimi ndiye niliyesema tuongeze hatua tatu apate pa kuchimba choo." Halafu akamgeukia mwanawe. Hakupaza sauti. "Baba yako alitoa. Unataka kumfanya mwongo, au unataka kumfanya mwizi? Chagua mbele yangu."

Gaudence alikaa. Akalia, Mwalimu. Mtu mzima wa kitambi akalia kama siku ile aliyorudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa kaptura. Akasema hakuwahi kuitwa na baba yake kwa mzaha hata siku moja, kwamba kila alipopiga simu mzee alimwuliza habari za kazi tu, akakata. Alipoliona lile bango alijua ni utani, akaona wivu. Nilikuja nimejiandaa kumchukia.

Ikaandikwa karatasi kwamba kiwanja ni changu, Gaudence akatia sahihi. Suzana akatia dole gumba, Pankrasi akagonga muhuri. Karatasi ipo ndani ya Kurani, na Kurani ipo juu ya kabati.

Hilo la kuacha kuchora ni upuuzi. Umekosea, umekuja na miguu yako ukasema umekosea, mbele ya watu usiowajua. Rudi ukachukue makapeni zako kwa Fausta. Ila mtu akicheka, chora meno.

Abdulatifu


Tunduru
12 Januari 2025

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Alhamdulillahi, kama mnavyosema. Una nyumba yako!

Fausta anataka nifundishe tena mwezi wa sita. Nimemwambia nitakuja kwa sharti moja, kila nitakachochora wenyewe wakione kwanza na wanisahihishe kabla hakijatundikwa. Amesema hilo litachelewesha ratiba. Nimesema ichelewe.

Hukuniambia hali yako wewe mwenyewe. Umeandika ya Gaudence, ya Suzana, ya karatasi. Wewe je? Umefurahi?

Mwanao,
Eric


Matogoro
11 Februari 2025

Mwanangu Eric,

Umeniuliza kama nimefurahi. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu halikuwa zuri, nikaona nisikuharibie.

Karatasi ninayo. Lakini tangu kikao kile hakuna aliyenitukana. Hata mmoja. Napita sokoni, wale Wangoni waliokuwa wakiniita mwizi tangu ng'ambo ya barabara sasa wanasema, "Shikamoo Mzee Abdulatifu, habari za nyumbani?" Tadei wa duka la vifaa, ambaye amenisema vibaya miaka thelathini bila likizo, alinipa mkono wa kuaga kama tuko ubalozini, kisha akatazama nyuma kuona kama kuna mtu anaandika. Wamejifunza kwamba neno linaweza kwenda ofisini. Nilijaribu kuwaanza mimi. Nikamwambia Tadei misumari yake imepinda kama ukoo wake. Akasema, "Samahani mzee, nitakubadilishia." Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwanahawa kwamba nimekaa mji huu miaka thelathini na saba, na leo ndiyo nimekuwa mgeni. Nilikuwa na hasira na wewe upya, nikubali. Nilikuwa na hasira na karatasi yenyewe. Nilikuwa nashona mikono ya mashati nje ndani.

Sasa sikiliza la jana.

Nilikuwa kibarazani na cherehani, asubuhi, ukungu haujapanda mlimani. Suzana akaja. Hajakanyaga kwangu tangu msiba. Nikasimama, nikavua kofia, nikasema, "Karibu sana mama Gaudence, shida gani nikusaidie?" Kwa adabu zote.

Akanitazama kuanzia miguuni. Akasema, "We Myao, hebu toka kwenye hicho kiti nikae. Umekikalia kama umekizaa. Mume wangu amekufa, hukumtukana. Nimebaki mjane, hunitukani. Unadhani nimekuja kwako kutafuta heshima? Heshima ninayo tele, wananiletea kila siku, nimeshindwa pa kuiweka."

Nikafungua mdomo nimjibu, machozi yakanitangulia. Nililia, mwanangu, sikuficha uso. Nilimlilia Kajetani ambaye nilikuwa sijamlilia. Suzana hakunibembeleza. Alikaa kwenye kiti changu, akakunja mikono, akangoja kama mteja.

Nilipoweza kusema nikamwambia, "Suzana, nyamaza. Kajetani hakufa, alikukimbia. Mimi mwenyewe nilimwonyesha njia."

Alicheka huyo mama! Alicheka mpaka akashika ukuta, kitambaa cheusi kikamwanguka, Mwanahawa akatoka ndani na magoti yake kuuliza nani amevamiwa. Majirani wakatoka. Barabarani Tadei akasimama na baiskeli. Alitutazama sisi, akatazama huku, akatazama kule. Halafu akaweka baiskeli chini, akaweka mikono mdomoni, akanitukana kwa sauti iliyofika kanisani, mimi na cherehani yangu na kabila langu lote.

Nikainuka nikamjibu.

Baba yako,
Abdulatifu Bakili